Mwenye Nguvu Akubalipo Kupunguza Nguvu Zake

Yatupasa tujiulize swali ambalo kwa juu juu laonekana jepesi: mtawala asiye na mshindani ana haja gani ya kuwaita washindani? Kusema kwamba ameguswa na dhamiri hakutoshi, wala kusema kwamba ameshurutishwa na wageni. Historia ya Tanzania yatupa mfano ulio wazi.

Tangu 1965 sheria iliruhusu TANU peke yake upande wa Bara na ASP peke yake upande wa Zanzibar. Navyo viliungana mwaka 1977 vikawa CCM. Mwanzoni mwa 1990 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa bado mwenyekiti wa chama, alifungua mjadala wa vyama vingi. Tawala za Ulaya ya Mashariki zilikuwa zimekwisha kuanguka. Aliyesimama Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, aliiona ng'ambo ya bonde la Ruvuma nchi ya Msumbiji, ambako FRELIMO ilikubali katiba ya vyama vingi mwaka huo huo. Mwaka 1991 Kaunda alishindwa uchaguzi Zambia. Na mwezi Desemba Kenya ikafuta kifungu cha chama kimoja, wafadhili walipokwisha kuzuia misaada. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Karibu watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, serikali ikaafiki, na mfumo mpya ukaanza Julai 1992. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Chama hakikutoa kwa kuwa kilikuwa dhaifu. Kilitoa kwa kuwa kilikuwa bado na nguvu. Atoaye mapema huchagua wakati, na masharti huyaandika mwenyewe. Tume ilitaja pia sheria zipatazo 40 za kukandamiza, ikashauri na katiba mpya itungwe. Lakini hayo hayakupewa haraka ile ile. Katika uchaguzi wa 1995 Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyewahi kusoma Ndanda, alipata karibu kura 62 kwa mia, na CCM ikabaki madarakani.

Je, yote yalikuwa hila tupu? La. Mlango ukishafunguliwa, mwenye nyumba hawezi kuwachagua wote watakaopita. Mwaka 2015 jimbo la Ndanda lilimchagua mbunge wa CHADEMA, jambo lisilowezekana kabla ya 1992. Lakini mwaka 2020 mbunge huyo huyo alihamia CCM, akalishinda jimbo kwa tiketi yake.

Basi mwanafunzi wa historia asiulize tu watawala walitoa nini na kwa nini. Aulize pia ni kipi walichobaki nacho mkononi.