Mizani, mgao na shimo: hekima ya Biblia kwenye machimbo ya Saza

Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye karasha hapa Saza alituma ujumbe kwenye kipindi chetu cha jioni. Aliomba jina lake lisisomwe. Bosi wake amemfundisha namna ya kupima dhahabu ya wateja ili kila mmoja apungukiwe na pointi moja au mbili bila kujua. Kijana huyo ni mwanakwaya, ana mke na watoto wawili, na anaishi kwenye chumba cha kupanga. Aliuliza hivi: "Jumatatu asubuhi nikifika kazini, Biblia inaniambia nifanye nini?"

Zilikuwa zimebaki dakika mbili kipindi kiishe. Nilisema maneno mawili matatu ya kumtia moyo, wimbo ukaingia, na nikatoka studio nikijua kwamba sijamjibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu, yeye na wengine walioandika baada yake.

Kwa msomaji wa mbali: pointi kumi ni gramu moja. Pointi moja ni punje ndogo tu mkononi, lakini kwa mtu aliyeshinda chini ya ardhi siku tatu si kitu cha kupuuza. Saza ni kata ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Tuko ndani ya eneo la dhahabu la Lupa, ambalo watu walianza kulimiminikia miaka ya 1920. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia mwaka 1939 hadi 1956, na mashimo ya zamani bado yanaonekana. Kwa hiyo swali la kijana huyu si jipya hapa. Babu zetu walikutana nalo, tofauti ni kwamba hawakuwa na simu ya kutuma ujumbe redioni.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, hekima ni hokma, na neno hilo halihusu wazee wenye mvi peke yao. Katika Kutoka 31, Mungu anamjaza Bezaleli hekima ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Yaani fundi anayejua mkono wake unafanya nini naye anaitwa mwenye hekima. Kwa maana hiyo, hekima ni ufundi wa kuishi, na kama ufundi wowote, mtu huupata kwa kuushika mara nyingi, akikosea na kusahihishwa.

Wachimbaji wengi niliowahi kuongea nao hawajui kwamba Biblia ina sura inayowaeleza wao. Ni Ayubu 28. Inasimulia watu wanaochimba mashimo mbali na makazi, wananing'inia gizani, wanapasua mwamba na kutoa kilichofichika. Kisha inauliza hekima inapatikana wapi, na inasema dhahabu haiwezi kuinunua. Aliyeandika sura ile alijua machimbo. Aliheshimu akili ya mchimbaji, ndiyo maana swali lake linauma: mtu anayeweza kuona mkanda wa dhahabu ndani ya jiwe anashindwaje kuona jambo jema lililo mbele yake?

Jambo jingine ambalo wengi hulikosa ni kwamba kitabu cha Mithali si kitabu cha amri. Soma Mithali 26, mstari wa 4 na wa 5. Mmoja unasema usimjibu mpumbavu, unaofuata unasema mjibu. Waliokusanya kitabu hicho hawakusinzia. Waliiweka pamoja makusudi, ili msomaji ajue kwamba lazima apime yuko na nani, wapi, na kwa sababu gani. Anayefungua Biblia kama anayetafuta namba ya simu, mstari mmoja kwa tatizo moja, atachoka haraka.

Hata hivyo yako mambo ambayo Biblia haiyumbi hata kidogo, na mizani ni mojawapo. Imetajwa katika Walawi 19, Kumbukumbu la Torati 25, Mithali 11 na mara mbili katika Mithali 20, halafu manabii Amosi na Mika wanairudia kwa ukali. Kwa nini kitu kidogo hivyo kisemwe mara nyingi hivyo? Zamani hizo hapakuwa na sarafu. Fedha ilipimwa kwa uzito: Ibrahimu aliponunua shamba la kumzika Sara, alipima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Shekeli ilikuwa karibu gramu 11, na mawe ya kupimia yalibebwa kwenye mfuko. Mfanyabiashara mjanja alikuwa na mawe ya aina mbili yanayofanana kwa sura, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Hilo ndilo linalokatazwa katika Kumbukumbu la Torati 25: kuwa na mawe mawili mfukoni. Angalia kwamba sheria haikusubiri mtu aibiwe. Kuyabeba tu kulikuwa kosa tayari.

Siku hizi mizani ni ya betri na namba zinawaka, lakini mawe mawili bado yapo. Yapo kwenye mizani iliyogeuzwa uso ili mteja asione, na kwenye feni inayopuliza karibu na sahani. Yapo pia kwenye maneno. Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayeponda mali mbele ya muuzaji, kisha akishaondoka nayo anajisifu. Nani hapa hajamsikia mnunuzi akisema dhahabu hii ina fedha nyingi, haijaiva, nakusaidia tu? Kuvutana bei si dhambi, soko lote linaishi kwa hilo. Lakini kumdanganya mtu kuhusu kitu ambacho wewe una kipimo chake na yeye hana, hapo umeshatoka kwenye biashara.

Nikiziangalia sheria hizi naona zinamlinda mtu yuleyule: asiyeweza kuona. Mteja haoni chini ya sahani, kibarua haoni daftari, mtoto haoni kilicho ndani ya moshi. Ndiyo maana katika kila jambo linalofuata naanza kwa kuuliza, nani hapa hawezi kuona?

Kwenye mgao, asiyeona mara nyingi ni kibarua. Makubaliano ya duara hufanywa kwa mdomo: mwenye leseni anachukua sehemu yake, mwenye duara anatoa gharama za chakula, baruti na mashine, kinachobaki ni cha wachimbaji. Ugomvi unaanzia kwenye gharama, maana hakuna aliyeziona zikiandikwa. Walawi 19:13 inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele na Mungu anazisikia. Kibarua wa zamani alikula alichopata siku hiyohiyo, na wa leo kwenye machimbo hayuko mbali naye. Mkristo mwenye duara anaweza kufanya jambo dogo sana: andika gharama kwenye daftari ambalo kila mtu anaruhusiwa kulifungua. Wengine watasema hiyo ni kukaribisha maswali. Ndiyo, na maswali hayo ni haki yao.

Marudio nayo yana mtego wake. Mila ya machimbo mengi ni kwamba mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa unabaki kwa mwenye karasha, naye anaupeleka kwenye uchenjuaji kupata dhahabu iliyobaki. Kama mchimbaji anajua hivyo na amekubali, sioni kosa. Mgeni aliyekuja jana na mifuko mitano ya mawe, ambaye hakuna aliyemweleza, yeye hakukubali lolote. Hakuna mstari unaotaja marudio. Ila ukishajua kwamba mgeni haoni, sioni shida iko wapi ya kumwambia.

Kuhusu mashimo, Biblia inaongea kama bwana afya. Kutoka 21:33-34 inasema aliyechimba shimo bila kulifunika, ng'ombe au punda akatumbukia, atalipa. Haiulizi kama alikusudia. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo pembeni ya dari, mtu asianguke. Kuweka matimba ya kutosha kabla ya kumshusha mtu chini ni jambo la mstari huo. Kufukia duara lililokwisha kabla mvua hazijaanza ni la ule wa kwanza. Rashi ikihamia kwingine kila mtu anakimbia, shimo linabaki kwa watoto wanaochunga mbuzi.

Zebaki iko kwenye kundi hilohilo. Ukichoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, zebaki inapanda kama mvuke, na mvuke huo huharibu mishipa ya fahamu na humdhuru mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020. Bado wako watu wanaochomea kwenye jiko la mkaa wanalopikia ugali jioni. Sitamwambia mchimbaji aache zebaki kesho wakati hana njia nyingine mkononi. Lakini kuchomea nje, mbali na nyumba, mbali na mama mjamzito, kwa kifaa kinachonasa mvuke, hakuhitaji kusubiri serikali wala mchungaji.

Kodi nitaipitia haraka. Warumi 13:7 inataka kila mtu apewe haki yake, ushuru ukiwemo. Kwa muda mrefu wachimbaji wadogo walisema makato ni mengi mno, na walikuwa na hoja. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa, wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakafunguliwa mwaka huohuo. Mrabaha na ada ya ukaguzi vilibaki. Kwa hiyo sababu ya kuvusha dhahabu kwa njia za panya imepungua nguvu. Nasema hivi nikiwa sina mikono safi. Niliwahi kuvusha mifuko miwili ya sukari kutoka Nakonde kuja Tunduma kwa njia hizohizo, na nilipofika salama nilimshukuru Mungu. Nikiikumbuka sala ile naona aibu kuliko sukari yenyewe.

Waganga wa kutafuta mkanda wa dhahabu nao wameulizwa sana. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli waziwazi, na Mkristo hana pa kuzungukia. Mama lishe waliokopesha chakula wanataka neno pia: Zaburi 37:21 inamwita mwovu anayekopa asilipe, na haisemi isipokuwa rashi imehama.

Sasa kijana wetu. Kupunja hawezi, hilo halihitaji kikao. Yanayohitaji hekima ni mengine: aseme nini, kwa nani, lini, na watoto wale nini. Danieli 1 inafaa kusomwa taratibu hapo. Danieli aliamua moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, lakini hakupindua meza. Alimwendea msimamizi kwa heshima akaomba wajaribiwe siku kumi. Uamuzi wake haukutikisika, ila njia aliitafuta. Kijana anaweza kumwomba bosi wake jaribio la namna hiyo: mizani igeuzwe mteja aione, kwa wiki mbili, waone kama wateja watapungua au wataongezeka.

Sitamdanganya kwamba lazima wataongezeka. Mithali husema mwenye haki hustawi, na kwa kawaida karasha yenye jina zuri hupata foleni. Lakini kitabu cha Ayubu kipo kwenye Biblia ileile kutukumbusha kwamba si kila mara. Anaweza kufukuzwa.

Hapo nina neno kwa makanisa yetu, na naomba wachungaji wanisikilize kama mtoto wao. Mtu akifiwa, kwaya inachanga jioni hiyohiyo. Mtu akipoteza kazi kwa sababu amekataa kupunja, tunamwambia tutakuombea. Mwenye karasha akileta sadaka nono, hakuna anayeuliza ilipimwa kwa mizani ipi. Wagalatia 6:2 inasema tuchukuliane mizigo. Mwajiri akimfukuza kijana huyu, kodi ya chumba chake ya miezi miwili ni mzigo unaobebeka kabisa na kwaya ya watu thelathini.

Na pointi alizokwisha kupunja? Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Hesabu 5 inataka kurudisha chote na kuongeza sehemu ya tano, na inafikiria hata hali ambapo mwenye mali hayupo na hana ndugu wa kupokea: basi vinakwenda kwa Bwana, mikononi mwa kuhani. Anaowakumbuka awafuate. Wasiojulikana walipo, azungumze na mchungaji wake, fedha ziende mahali panapoonekana.

Nilimtumia haya kwa simu kabla ya kuyaandika. Baada ya siku kadhaa alijibu. Alimwendea bosi, akaomba ahamishiwe upande wa kusaga. Bosi hakugomba. Mshahara umepungua, na mizani amepewa kijana mwingine, mdogo kuliko yeye. Sasa anauliza kama anaweza kunyamaza wakati anajua mwenzake anafanya nini, maana amesoma Walawi 5:1, panaposema shahidi asiyesema alichokiona anabeba hatia. Nimeomba wachungaji wawili na mzee mmoja wa machimbo waje studio Alhamisi tulizungumze. Simu zitakuwa wazi.