Papa Fransisko na Huruma Iliyoanzia Pembezoni

Historia ya Papa Fransisko, aliyeliongoza Kanisa Katoliki kuanzia tarehe 13 Machi 2013 hadi alipofariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 88, haieleweki vyema ikianziwa Roma, kwa sababu huruma kwa maskini aliyoifanya kiini cha utume wake ilikuwa imekwisha kukomaa katika mitaa ya mabanda ya Buenos Aires, jiji la Argentina alikozaliwa mwaka 1936 na kuitwa Jorge Mario Bergoglio.

Katika mitaa hiyo, ambayo Waargentina huiita villas, baadhi ya mapadre waliamua tangu miaka ya 1960 kuhudumu miongoni mwa maskini, na mmoja wao, Padre Carlos Mugica, aliuawa kwa risasi mwezi Mei 1974. Mwaka 1999, Bergoglio akiwa Askofu Mkuu wa jiji hilo, mabaki ya padre huyo yaliondolewa katika makaburi ya Recoleta, wanakozikwa matajiri na watawala, yakazikwa upya Villa 31 miongoni mwa watu aliowatumikia. Askofu Mkuu huyo, aliyezoea kusafiri kwa basi kama raia wengine, aliongeza idadi ya mapadre katika mitaa hiyo na mwaka 2009 akaiundia mamlaka maalumu ya kichungaji ndani ya jimbo lake.

Hata hivyo, hakuzaliwa na huruma hiyo. Alipofanywa mwaka 1973 kuwa mkuu wa kanda wa Wajesuiti, yaani watawa wa Shirika la Yesu, alikuwa na miaka 36 tu, na baadaye alikiri hadharani kwamba ukali na haraka yake katika kuamua mambo vilimletea matatizo makubwa. Kuanzia mwaka 1990 hadi 1992 aliwekwa jijini Córdoba, Argentina, mbali na madaraka yote, ambako sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuungamisha, yaani kuwasikiliza waamini wakiziungama dhambi zao na kuwapa ondoleo. Na yaelekea miaka hiyo ya unyonge ilimfinyanga kuliko cheo chochote alichowahi kushika.

Alipochaguliwa kuwa Papa, Kardinali Cláudio Hummes wa Brazil alimsihi asiwasahau maskini, naye akachagua jina la Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Safari yake ya kwanza nje ya Roma, Julai 2013, ilikuwa kwenda Lampedusa, kisiwa wanakofikia wahamiaji wanaonusurika baharini. Tarehe 27 Novemba 2015 alifika Kangemi, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi akatetea haki ya kila familia kupata maji safi, akilaani pia unyakuzi wa ardhi unaofikia hata viwanja wanavyochezea watoto wa shule. Maneno hayo yalikuwa na uzito kwa sababu wenyeji waliyajua mambo hayo kwa kuyaishi.

Siku mbili baadaye alifanya jambo ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote katika upapa wake: mjini Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati iliyokuwa imeraruliwa na vita, alifungua Mlango Mtakatifu, yaani mlango wa kanisa ambao waamini huupita wakati wa Jubilei kama ishara ya toba na msamaha. Kwa desturi Mwaka Mtakatifu, yaani mwaka wa Jubilei, huanzia Roma. Lakini Jubilei hiyo, iliyoitwa Jubilei ya Huruma ya Mungu, ilitanguliza Bangui, na kesho yake Papa akautembelea msikiti mkuu wa mji huo.

Jubilei hiyo ilifungwa Novemba 2016, naye akaagiza iadhimishwe kila mwaka Siku ya Maskini Duniani, ambayo tangu mwaka 2017 huangukia Dominika ya 33 ya kipindi cha kawaida cha liturujia, na ambayo parokia zote za Kikatoliki, zikiwamo za Afrika Mashariki, zinatakiwa kuiadhimisha hadi leo.