Kutoka Showground hadi Kiryandongo

Kabla ya Januari 2008, Eldoret ilikuwa mji wa kupitiwa na misaada. Malori yaliyosheheni unga, maharagwe na mafuta ya kupikia yalipanda kutoka bandari ya Mombasa, yakapita Nakuru, yakakata katikati ya mji, kisha yakashika njia ya Kitale na Lodwar kwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu wakitoroka vita. Malori mengine yaliendelea hadi Lokichoggio, ambako tangu 1989 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukipeleka chakula kusini mwa Sudan. Kwa mkazi wa Eldoret, mkimbizi alikuwa mtu wa nchi nyingine, anayeishi mbali, huko kwenye ukame wa Turkana.

Lakini mji huu ulikuwa tayari na wakimbizi wake, ila hawakuitwa hivyo. Mwishoni mwa Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalizuka shamba la Meteitei, Tinderet, na mwaka uliofuata moto ulifika Burnt Forest, mwendo mfupi kutoka Eldoret. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kung'olewa makwao katika nchi nzima. Walikimbilia makanisani, shuleni, kwenye vituo vya biashara na kwa ndugu.

Hapo ndipo walipokutana na mstari ambao mtu aliyebeba godoro kichwani hauoni. Mkataba wa Geneva wa 1951 humtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake. Aliyekimbia kutoka Burnt Forest hadi Eldoret hakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hakuwa na shirika lililowekwa kwa ajili yake. Mwaka 1993 serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa zilianzisha mpango wa kuwarudisha watu makwao. Ulifungwa mwaka 1995 na wengi walikuwa bado hawajarudi. Kanuni za dunia kuhusu wakimbizi wa ndani zilikuja mwaka 1998, na aliyeongoza kuziandika ni Francis Deng, mwana wa Sudan, nchi ileile ambayo chakula chake kilikuwa kikipita Eldoret kila wiki.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yaliyozua ubishi yalitangazwa jioni ya tarehe 30, na Mwai Kibaki akaapishwa jua likizama. Usiku huo nyumba zilianza kuwaka. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa limejaa watu waliojificha humo, wengi wao akina mama na watoto. Walionusurika na majeraha ya moto walipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliouawa nchini.

Waliowapokea wahanga katika siku hizo za kwanza hawakutoka Geneva. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na magogo, na hakuna lori lililopita. Askofu Cornelius Korir alifungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, na kwa muda mfupi watu wapatao 10,000 walikuwa wamejazana humo. Korir alikuwa Mkalenjin, na wengi wa aliowaficha walikuwa Wakikuyu, jamii mbili zilizokuwa zikipigana. Kila mtu Eldoret alijua maana ya jambo hilo katika wiki ile. Wengine walipiga kambi vituo vya polisi, na umati mkubwa zaidi ukahamia uwanja wa maonyesho ya kilimo, Showground, mahali ambapo wakulima wa Uasin Gishu walikuwa wamezoea kuleta ng'ombe wao wa maziwa kushindanishwa.

Njia zilipofunguliwa, misaada ilifika, na ilifika kwa wingi. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulishika usukani. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, ambalo kazi yake Kenya ilikuwa kambi za Dadaab na Kakuma, sasa lilileta mahema kwa Wakenya. Mpango wa Chakula Duniani ulileta mahindi na maharagwe. Madaktari wa AMPATH, mradi wa Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Marekani uliokuwa ukitibu virusi vya ukimwi tangu 2001, waliwatafuta wagonjwa wao kambini, kwa maana mtu aliyetoroka nyumba inayowaka hakumbuki kubeba vidonge.

Nalisifu hilo bila kusita. Watu waliishi kwa sababu ya mahema yale. Lakini msaada hufuata hema, na hema ndilo lililohesabiwa. Serikali ilipokamilisha orodha yake ilipata watu 663,921 waliohamishwa. Kati yao, 313,921 hawakuingia kambini kabisa. Walilala kwa shangazi, kwa rafiki, kwa mtu waliyesali naye zamani, au walipanga chumba kimoja mtaani. Waliitwa wakimbizi waliochangamana na jamii. Hawakuwa na kadi ya mgao, na aliyewapokea hakuwa nayo pia. Sufuria iliyokuwa ya watu watano ikapikiwa watu kumi na mmoja, na hakuna karatasi ya msaada iliyoandika jina la mwenye sufuria.

Wazo la kumsaidia mwenyeji si geni. Julai 1984 mataifa yalikutana Geneva katika mkutano wa pili wa misaada kwa wakimbizi wa Afrika. Nchi za Afrika zilikwenda na hoja iliyo wazi: mkimbizi anakunywa maji ya kisima cha kijiji, mtoto wake anakaa dawati la kijiji, basi tujengeeni visima, madarasa na barabara. Mwaka huohuo njaa ya Ethiopia ilivuta macho ya dunia, na fedha nyingi zilizotarajiwa hazikuonekana. Ni mwaka huo pia Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa Eldoret, ambacho baadaye kilifungua kituo cha masomo ya wakimbizi. Mji huu umeyasoma mambo haya darasani na kwenye uwanja wa ng'ombe.

Mwaka 2008 wapo pia walioshika barabara kuelekea magharibi. Wakenya wapatao 12,000 walivuka mpaka na kuingia Uganda. Kwanza walikaa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha waliotaka kubaki wakapelekwa Kiryandongo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1990 kwa ajili ya Wasudani. Kwa kuvuka mpaka wa Malaba tu, jirani wa yule aliyebaki Showground alipata jina la mkimbizi, ulinzi wa sheria ya kimataifa, na kipande cha ardhi cha kulima, kwa kuwa ndiyo desturi ya Uganda. Nchi maskini kuliko Kenya ikawagawia Wakenya mashamba.

Nyumbani, mkataba wa amani uliosimamiwa na Kofi Annan ulitiwa saini tarehe 28 Februari. Mei ikaanza Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 kwa kila familia za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Wengi walirudi, au walihamisha hema kutoka Showground kulipeleka karibu na shamba lao. Wengine walikataa kurudi kabisa. Kundi moja lilichanga zile elfu kumi kumi, likanunua ardhi Mai Mahiu, kwenye Bonde la Ufa, likajenga makazi na kuyaita Vumilia Eldoret. Bunge lilipitisha sheria ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012. Askofu Korir alifariki Oktoba 2017.

Malori bado yanapita, ila yamepungua. Mwaka 2025 wafadhili walikata fedha, na mgao wa chakula Kakuma ukashushwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Machi mwaka huo serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa miji ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule na hospitali moja. Ni hoja ileile ya 1984. Wanaoupanga mpango huo nawaomba wafike Eldoret kwanza, waulize ni nyumba ngapi zilifungua mlango Januari 2008, na zililipwa nini. Nawe msomaji, ukisikia idadi ya wakimbizi ikitajwa redioni, ikumbuke hii ya 313,921.