Vijana Waifuatao Njia ya Samaki



Kinkondja ni nchi ya maji. Mto Lualaba hupita hapo katikati ya maziwa na mafunjo, na watu huishi kwa uvuvi tangu kale. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta vyungu na mapambo ya shaba ya watu waliokaa huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Basi nchi hii si changa. Ila barabara itokayo humo kwenda mjini ndiyo changa.

Mwaka 1910 ulianza mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Mwaka 1918 reli kutoka huko ilifika Bukama. Tangu hapo samaki wa maziwa, wakisha kukaushwa, hupelekwa kwa chombo mpaka Bukama, kisha kwa treni mpaka miji ya shaba. Na vijana wakaifuata njia ile ile ya samaki. Lakini samaki afikapo stesheni ana mwenyewe anayemngoja. Kijana je, anangojwa na nani? Hilo ndilo swali letu leo, na historia ya Katanga inatupa jibu lenye mafundisho mengi.

Mji wa kompani

Kompani ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilitaka mikono ya wanaume tu. Karibu na mwaka 1928 ikabadili shauri: ikawaleta wake na watoto kambini, ikajenga nyumba, hospitali na shule, na shule ikazikabidhi kwa wamisionari. Yafaa tuseme kweli pande zote mbili. Watoto wengi walijifunza kusoma, kuhesabu na kusali katika shule hizo. Lakini shule ya kambi ilikuwa kwa watoto wa kambi. Mtoto wa mtu asiye na kazi, au yatima aliyekuja kumtafuta mjomba wake, hakuwa na nafasi katika hesabu ya kompani. Tena siku zile mtu mweusi hakuweza kuhamia mjini bila kibali. Kijana asiye na karatasi aliishi kwa kujificha.

Tarehe 6 Desemba 1950 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri juu ya watoto wakosaji. Kwa amri hiyo, mtoto aliyeonekana akizurura au kuomba aliweza kupelekwa mbele ya hakimu sawasawa na mtoto mwizi, akawekwa katika nyumba ya malezi ya serikali. Lilikuwa jambo jema kwamba mtoto alitengwa na wafungwa wazima. Lakini angalieni ubaya wake: umaskini wenyewe ulihesabiwa karibu na kosa. Sheria ilimwona mtoto wa barabarani kuwa hatari kwa mji. Haikuuliza sana kama mji ndio hatari kwake.

Somo la Torino

Mji wa Torino, katika Italia, uliwahi kupatwa na jambo hilo hilo miaka mia moja kabla. Vijana wa mashamba walikuja kutafuta kazi ya kujenga nyumba, wakalala po pote, na wengi wakaishia gerezani. Padre kijana, Yohane Bosco, aliyepewa upadre mwaka 1841, aliwatembelea huko gerezani. Aliona kwamba wengine, wakitolewa, hurudi upesi, maana nje hawana mtu. Tarehe 8 Desemba 1841 alikutana na kijana mwashi, Bartolomeo Garelli, yatima asiyejua kusoma. Kazi yake yote ilianzia kwa kijana huyo mmoja.

Mwaka 1846 alipata banda huko Valdocco. Mama yake, Margherita, akaacha shamba lake akaja kuwapikia na kuwashonea watoto wasio wake mpaka alipokufa mwaka 1856. Mwaka 1852 Padre Bosco aliandikisha mapatano kati ya fundi na kijana anayejifunza. Fundi aliahidi kumfundisha kazi kweli kweli, kumwonya kwa maneno pasipo kumpiga, na kumwacha huru siku za sikukuu. Mwaka uliofuata akafungua nyumbani kwake karakana za washona viatu na washona nguo. Maana aliona kwamba chakula bila kazi humfanya kijana awe mwombaji, na kazi bila mlezi humfanya awe mtumwa.

Mmoja wa wavulana wake alikuwa Michele Magone, mtoto asiye na baba, kiongozi wa kikundi cha watoto watundu. Padre Bosco alimkuta stesheni ya treni huko Carmagnola mwaka 1857. Hakumwita polisi. Alimwuliza habari zake, kisha akamtafutia nafasi ya shule.

Wasalesiani katika Katanga

Wana wa Don Bosco, yaani Wasalesiani, walifika Elisabethville mwezi wa Novemba 1911, wakiongozwa na Padre Joseph Sak. Walianza na shule, na baadaye shule za ufundi zikawa sifa yao: useremala, uashi, ufundi wa vyuma, uchapaji.

Kisha yakaja majaribu. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Mwaka 1961 Waluba kwa makumi ya maelfu, wengine wenyeji wa Kasai, wengine wa kaskazini ya Katanga, walikimbilia kambi moja mjini Elisabethville chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Watoto walikaa huko bila shule, na magenge ya vijana yakatokea. Mwaka 1962 wengi wa wakimbizi walirudishwa kwao. Katika miaka hiyo ya 1960 Wasalesiani walijenga mjini humo Cité des Jeunes, yaani Mji wa Vijana, ambapo kijana hupata ufundi, masomo na mchezo mahali pamoja.

Majaribu ya pili yalikuwa ya njaa. Mwaka 1986 Gécamines, iliyoshika mahali pa Union Minière, ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1993 haikufikia tani 50,000. Baba aliyelipwa kila mwezi akawa halipwi. Wakati huo huo serikali ilishindwa kuwalipa walimu ipasavyo, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliowatunza kwa ada zao. Shule zikabaki wazi, ndiyo, lakini milango yake ilipungua upana. Nyumba yenye watoto sita ilichagua wawili wa kusoma. Wale wanne wakaenda sokoni. Na ulipotokea msiba, mtu alitafutwa wa kulaumiwa: mara nyingi mtoto wa kambo au yatima akaitwa mchawi, akafukuzwa. Hivyo mji ukajaa wale ambao watu huwaita mashege.

Nyumba zenye mlango wazi

Wasalesiani wa Lubumbashi walifungua nyumba kwa ajili yao, wakaziita Bakanja na Magone. Jina la kwanza ni la Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana mfanyakazi wa Kongo aliyepigwa viboko na bwana wake kwa sababu ya skapulari yake, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Kazi ya namna hii ina ngazi zake, na kila ngazi ina sababu. Kwanza ni mahali pa kuoga, kula na kulala, bila kumlazimisha mtoto kubaki, maana aliyezoea kukimbia hukimbia akifungiwa. Pili ni shule ya kufidia wakati uliopotea. Katika nchi yetu masomo hayo hukusanya miaka 6 ya msingi katika miaka 3. Tatu ni ufundi kwa walio wakubwa. Nne, na ndiyo ngumu kuliko zote, ni kutafuta jamaa na kuwapatanisha. Nyumba ya mapadre ni daraja tu, na mtu hajengi nyumba yake darajani.

Sheria nayo imebadilika. Katiba ya mwaka 2006 inakataza kumtupa mtoto na kumsingizia uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 imeshika mahali pa amri ya 1950. Sasa mtoto anayezurura au kuomba anahesabiwa kuwa mtoto anayestahili ulinzi wa pekee, naye anayemsingizia uchawi anaadhibiwa. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila ada. Lakini daftari, sare na tumbo tupu havikufutwa kwa amri.

Wajibu wa parokia

Kwa hiyo tusiwaachie mapadre wa mjini mzigo wote. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Wavuvi wanalielewa neno hili kuliko wengine. Mtoto akisha kuzoea barabara miaka mitano, kumrudisha ni kazi kubwa. Kumzuia asifike huko ni kazi inayowezekana hapa kwetu.

Yatupasa kufanya nini? Jumuiya ijue majina ya yatima wake, na ni nani ameacha shule, na kwa sababu gani. Kijana anayekwenda Lubumbashi asiondoke bila barua na bila jina la mtu wa kumpokea. Mafundi wa mitumbwi, wa nyavu na wa mashine wachukue kijana mmoja mmoja, kwa mapatano yanayojulikana, kama yale ya Torino. Na neno la uchawi juu ya mtoto lisikubaliwe kamwe nyumbani mwa Mkristo, hata likisemwa na mzee.

Don Bosco alianza na mmoja. Kila jumuiya yetu inaweza kumtaja wa kwake. Basi tumwite leo, kabla treni haijaondoka Bukama.