Bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya rangi ya samawati, yenye nyota ya manjano kwenye pembe ya juu kushoto na mstari mwekundu wa mshazari uliopakana na mistari myembamba ya manjano. Imeelezwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya mwaka 2006.

Historia. Dola Huru ya Kongo, kisha Kongo ya Wabelgiji, zilitumia bendera ya buluu yenye nyota moja ya manjano. Baada ya uhuru wa 1960 ziliongezwa nyota sita ndogo kando ya mlingoti, moja kwa kila mkoa. Moja ilikuwa ya Kivu, mkoa uliojumuisha Masisi na Walikale, ambazo leo ni maeneo ya Kivu Kaskazini. Baadaye katika miaka ya 1960, hadi 1971, ilitumika bendera inayofanana na ya sasa, ndipo Rais Mobutu alipoleta bendera ya kijani ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, yenye mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1997 zilirudi nyota sita, hadi bendera ya sasa ilipowekwa mwaka 2006.

Maana. Samawati ni amani, nyekundu ni damu ya mashujaa, manjano ni utajiri wa nchi na nyota ni mustakabali wenye nuru. Maana hizo zina uzito wa pekee Masisi, kwenye koltani ya Rubaya, na Walikale, kwenye bati la Bisie: utajiri upo, lakini amani bado inadaiwa.