Udongo na Wimbo Wake: Picha, Shairi na Majira katika Uzigua

Wachina na Wajapani wana mazoea ya karne nyingi ya kuweka shairi na mchoro kwenye karatasi moja. Tawi limechanua, mistari michache imeandikwa pembeni, na mtazamaji anajua papo hapo ni majira gani ya mwaka. Anayetaka kitu cha namna hiyo Kang'ata, au kokote Handeni na Korogwe, nchi ya Wazigua mkoani Tanga, akikitafuta kwenye karatasi atarudi mikono mitupu. Huku shairi liliimbwa na picha ilifinyangwa. Vyote viwili vilikutana wakati mmoja wa mwaka, mbele ya vijana waliokuwa wakifundwa.

Majira yenyewe kwanza. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kisha huja kipupwe chenye baridi na mavuno, vuli hufuata kuanzia Oktoba, na mwaka huanza kwa jua kali la kiangazi. Hivyo ndivyo kalenda inavyosema. Mvua za Handeni hazisomi kalenda. Ukame wa miaka ya 1830 uliwaondoa Wazigua wengi hadi pwani ya Banadiri, ambako waliishia utumwani. Wajukuu zao kando ya Mto Juba nchini Somalia wanazungumza Kizigua hadi leo. Vita vya Somalia vilipozuka, baadhi yao walirudi katika ardhi ya mababu na kupewa makazi Chogo, humohumo wilayani Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika nchi ambayo mvua ikikosekana watu huhama, kuimba juu ya mimea na wanyama hakuwezi kuwa burudani ya macho tu.

Mavuno yakiingia ghalani ndipo wazee walipopata nafasi ya jando na unyago. Chakula kipo, kazi ya shamba imepungua, njia zimekauka. Hata udongo uliochotwa mtoni hukauka vizuri kwa jua la wakati huo. Makungwi waliufinyanga wakatoa maumbo madogo ya watu, wanyama, ndege na vyombo vya nyumbani, mengi bila kuyachoma kwa moto. Kisha wakayapaka rangi zilizopatikana karibu: nyeupe, nyekundu na nyeusi, mara nyingi kwa vidotidoti. Ndiyo maana nayaweka katika historia ya uchoraji pia. Kidoti cheupe kwenye mgongo wa mnyama wa udongo ni kazi ya mkono uliokusudia kuchora.

Kila umbo lilikuwa na wimbo wake. Kungwi alilionyesha, akaimba, na baadaye akafafanua: mnyama huyu anamsema mume wa namna gani, chombo hiki kinamwonya mke juu ya nini. Mwali aliyetazama umbo bila kusikia wimbo aliona mnyama tu. Aliyesikia wimbo bila kuliona umbo aliachiwa fumbo. Kwa hiyo viumbe wa porini waliotajwa humo hawakusifiwa kwa uzuri wao; walitumwa kubeba habari za binadamu. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiingereza yanayolia juu ya maua huenda akasema huu si ushairi wa mazingira. Mimi nasema ni ushairi wa mazingira wa watu wanaoyaishi.

Tunayajua haya kwa upana kwa sababu ya Hans Cory, mzaliwa wa Vienna ambaye hapo awali aliitwa Koritschoner, na ambaye baadaye alikuwa mtafiti wa mila wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1953 alichapisha kitabu juu ya michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka huko Usukuma. Mwaka 1956 akatoa kingine, African Figurines, juu ya sanamu za jando na unyago, pamoja na zile za Wazigua, Wanguu na Washambaa. Ndani yake kuna picha za sanamu, maneno ya nyimbo na maelezo ya maana. Cory alikuwa mtumishi wa ukoloni, na mafundisho aliyoyachapa yalikuwa siri ya wenyewe. Hilo halipaswi kufunikwa kwa shukrani. Lakini alielewa jambo ambalo wakusanyaji wengi wa sanaa ya Afrika hawakulielewa, kwamba sanamu iliyotengwa na wimbo wake imekatwa ulimi.

Jumba la makumbusho, hata lenye nia njema, hukifungia kitu kwenye kabati la kioo na kukiandikia kibandiko cha jina la kabila. Sauti haimo, na msimu haumo. Kitabu nacho kina maneno lakini hakina lahani wala ngoma. Basi urithi mmoja umegawanywa mafungu matatu, na fungu la tatu, uimbaji, limebaki kwa wazee wachache.

Sanaa zilizokuja baadaye zilikwenda kila moja na njia yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alitunga kwa ajili ya kurasa zilizochapwa. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kuchora ndege na chui kwa rangi ya mafuta, bila ubeti pembeni. Kanga pekee ndiyo inayoendelea kuoanisha mchoro na maneno, ingawa mara nyingi korosho ya kwenye kitambaa haina habari na msemo ulioandikwa chini yake.

Jando na unyago havijafa, lakini katika sehemu nyingi za nchi vimefupishwa na kusogezwa kwenye likizo za shule, Juni na Desemba. Juni bado inakaribiana na mavuno. Desemba, kwa mkulima wa Handeni, ni vuli: udongo umelowa, mahindi yanataka palizi, na ghala la mavuno yaliyopita linaelekea kwisha.