Tiketi ya Yaya, Viza ya Mume

Juni 2022, kibao cha buluu kilibandikwa kwenye ukuta wa nyumba namba 26, King Edward's Road, Hackney, mashariki mwa London. Vibao vya aina hiyo kwa kawaida hukumbuka nyumba walimoishi waandishi, wanasayansi na wakubwa wa serikali. Hiki kinawakumbuka yaya.

Waingereza waliokaa India walimwita yaya wao aya, neno ambalo Wareno walikuwa wameliacha huko kabla yao. Alipanda meli na familia ya mwajiri, akalea watoto majuma kadhaa baharini, akamhudumia bibi aliyelewa mawimbi. Meli ikitia nanga, kazi yake ilikuwa imekwisha. Wengine walikuwa na nauli ya kurudi kwao, wengine waliachwa hivihivi: mwaka 1908 mmoja wao alitelekezwa katika stesheni ya King's Cross akiwa na pauni moja.

Nyumba ya Yaya, hifadhi yao wakisubiri safari ya kurudi, ilianzia Aldgate katika karne ya 19, ikahamia Hackney mwaka 1900 chini ya wamisionari wa London City Mission. Iliendeshwa kwa hesabu za kibiashara. Mwajiri alimkabidhi msimamizi tiketi ya yaya ya kurudia. Msimamizi akatafuta familia inayokwenda India na inayohitaji mlezi, akawauzia tiketi ile, na fedha hizo zikamlisha yaya hadi siku ya safari. Mahubiri yalikuwemo pia, maana wenyeji hawakuficha hamu yao ya kuwabatiza wageni. Sioni haja ya kuwabeza, kwani bila wao wengi wangelala barabarani. Ila tiketi, ambayo ndiyo iliyokuwa na thamani, haikupata kukaa mkononi mwa yaya mwenyewe.

Miongo kadhaa baadaye, kule Southall, magharibi mwa jiji, wageni walijipanga wenyewe. Wengi walitoka Punjab, wengine Kenya, na wengine Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Aprili 1979 watu wa Southall waliandamana kupinga wabaguzi wa National Front, na mwalimu Blair Peach akauawa. Mwaka huohuo wanawake wenye asili ya Asia na wa Karibea wakaunda Southall Black Sisters. Wote walijiita weusi, kwa maana ya kisiasa.

Adui wa nje alijulikana. Ugumu ulikuwa ndani, kwa wazee waliotaka kipigo cha mke kibaki siri ya nyumba. Akina dada hao waliambiwa wanavunja nyumba za watu. Jina lao lilivuma mwaka 1992, walipompigania Kiranjit Ahluwalia, aliyekuwa amefungwa maisha kwa kumuua mume aliyemtesa miaka kumi, hadi akaachiwa huru.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kazi yao kubwa zaidi ilikuwa ya makaratasi. Mwanamke aliyeingia Uingereza kwa ndoa alitakiwa adumu katika ndoa hiyo miezi 12. Akitoka kabla, alikabiliwa na kufukuzwa nchini. Hakuruhusiwa kupata msaada wa fedha za umma, na kwa kuwa nyumba za hifadhi zilitegemea fedha hizo kulipia kodi ya chumba, nazo zilimfungia mlango. Baada ya kampeni ndefu, mwaka 1999 serikali ilikubali kwamba mke anayethibitisha kuwa alipigwa anaweza kubaki. Fedha zilichelewa mpaka Aprili 2012, mke wa aina hiyo aliporuhusiwa kusaidiwa kwa miezi mitatu huku ombi lake likishughulikiwa.

Mwezi huohuo serikali hiyohiyo iligeukia viza ya watumishi wa nyumbani, wengi wao wakiwa wameletwa na matajiri wa Ghuba. Haki ya kuhama mwajiri, ambayo shirika la Kalayaan lilisaidia kuipigania hadi ikapatikana mwaka 1998, ilifutwa. Yaya aliyemkimbia tajiri wake hakuwa tena na ruhusa ya kukaa nchini.